Sura ya Tano: Baba Baada ya Posho

Wazee wa Likasi, hasa wale waliozaliwa zama mji wao ulipokuwa ukiitwa Jadotville, jina lililodumu mpaka mwaka 1966, wana msemo mmoja ambao kijana wa leo akiusikia hucheka, ilhali mzee autamkapo huinamisha kichwa: kwamba kampuni ni baba na mama. Kampuni hiyo ni Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwanzo wa mwaka 1967, ambayo baada ya kubadili majina ikatulia katika jina la Gécamines, jina linalojulikana kwa kila mtoto wa Kikula, mtaa wa Likasi, hata yule ambaye hajapata kuonja konzi moja ya unga wake. Wapo wanaoutaja msemo huo kwa kejeli, wakiona ndani yake unyonge wa mtumwa anayemsifu bwana wake. Nami sikubaliani nao, kwa sababu nimewasikia wazee wakiusema, na sauti zao hazikuwa na unyonge. Walikuwa wakieleza jambo walilolishuhudia kwa macho, nalo ni kwamba kwa muda wa vizazi viwili, katika kambi za Panda na Shituru na kwingineko, kazi nyingi ambazo kwa desturi ni za mzazi zilifanywa na mwajiri wake.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipochoka kuajiri makapera kutoka mbali, waliokuwa wakifa kwa maradhi au kurudi makwao kabla kazi haijawaingia mikononi, ilikata shauri kwamba mtu mwenye mke na watoto hukaa, na kwamba mwana wa mfanyakazi ndiye mfanyakazi wa kesho. Basi ikajenga nyumba na zahanati, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Ikawafundisha akina mama kushona na kulea watoto wachanga kwa kanuni za Ulaya. Na ikatoa posho, unga na chumvi na mafuta na kitoweo, kwa hesabu ya vichwa vya nyumbani. Wazee husimulia kwamba mtoto akikosa masomo pasipo udhuru, upungufu wake ulionekana katika kikapu cha posho, kwa hiyo baba hakuwa na haja ya kumbembeleza mwanawe aende shule, wala mwana hakuwa na haja ya kuuliza sababu. Amri ilitoka ofisini, ikapita kwa baba, ikamfikia mtoto. Na baba alikuwa tarishi wa amri ile, mwenye heshima zote anazopewa tarishi wa sultani.

Fauka ya hayo, nyumba za kambi zilijengwa kwa kipimo cha mume, mke na watoto wao, na mgeni wa kukaa siku nyingi hakupendwa na wenye kambi. Nkambo, kama waitwavyo babu na bibi huku Katanga, ambaye kwa desturi ndiye mtu wa kutaniwa na mjukuu, wa kuambiwa siri na kuulizwa maswali ya aibu, alibaki kijijini. Mjomba naye, ambaye kwa Wasanga na Wabemba, watu wanaofuata ukoo wa mama, alikuwa na neno zito juu ya mtoto wa dada yake, alibaki huko huko au alionekana kwa nadra. Kijana wa kambini akawa na baba wa posho, mwalimu wa fimbo na padri wa maungamo, lakini hakuwa na mtu wa kuzungumza naye tu.

Bwana Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu cha Kifaransa kinachochunguza mamlaka na maisha katika familia za wafanyakazi hao, akakipa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: Bana Shaba, yaani wana wa Shaba, walioachwa na baba yao. Jina hilo nimelitafakari mara nyingi kuliko hata yaliyomo kitabuni. Mtoto aliyeachwa na baba tumemzoea, yuko kila mtaa. Lakini hawa baba zao wa kuwazaa walikuwa nyumbani, na baba aliyewaacha ni kampuni, kana kwamba mtoto akiondolewa kampuni akabakizwa na mzazi wake mwenyewe amekuwa yatima. Mtu asiyejua Katanga ataliona jina hilo kuwa kinyume. Anayeijua ataliona sawasawa.

Anguko lenyewe halihitaji maelezo marefu. Mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990. Shaba ya Gécamines, ambayo mwaka 1986 ilizidi tani 450,000, mwaka 1994 haikufika tani 40,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Na kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi wapatao elfu kumi walipewa fedha wakaagwa, na kuagwa huko kukaitwa kuondoka kwa hiari. Posho ikakoma. Aliyebaki ni baba mwenye mikono mitupu, amesimama mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita anayetaka kujua, na si bila haki, kwa nini amtii.

Nilikuwa Kikula jioni moja ya mwezi Juni, wakati ambapo baridi ya huku hushuka mapema na watu wakaisogelea mbabula, jiko la makaa, nikingoja gurudumu langu lizibwe na fundi baiskeli ambaye baba yake alikuwa mtu wa kampuni. Fundi huyo alizaliwa kambini, akala posho mpaka akabaleghe, na mwaka ule posho ilipoanza kupungua ndio mwaka alioanza yeye kuota ndevu. Alijifunza ubaba kwa kumtazama mtu ambaye hakulazimika kusema. Mwanawe aliingia yapata saa mbili za usiku. Alikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni, na mimi, mgeni, sikulielewa tope lile, kwa kuwa mvua ilikuwa imekwisha katika mwezi wa nne. Lakini baba alilielewa mara moja, kwani katika kiangazi tope hupatikana mahali pamoja tu, nako ni mtoni panapooshwa mawe ya shaba.

“Umetoka wapi?”

“Hapa hapa, baba.”

“Hapa hapa ndiyo wapi? Unajua ni saa ngapi? Unadhani nyumba hii ni hoteli? Nani amekufundisha kuingia bila kusalimia wageni? Unataka nife kwa ajili yako? Wewe ni mtoto wa namna gani?”

Kijana akanisalimu, “Jambo, baba,” kwa sauti ya chini yenye adabu kamili, akapita ndani, akalala bila kula. Mama yake, ambaye alikuwa akisonga bukari, yaani ugali, na hakutia neno, baadaye alifunika sahani kwa sahani nyingine akaiingiza chumbani. Nilikuwa nimeyahesabu maswali ya fundi, pasipo kukusudia, yalikuwa saba, na isipokuwa lile la kwanza, hakuna hata moja lililokuwa linangoja jibu. Yalikuwa amri zilizovaa alama ya kuuliza. Na lile la kwanza, ambalo kweli lilitaka jibu, baba alikuwa analijua jibu lake tangu alipoona miguu ya mwanawe, na kijana alijua kwamba baba anajua, kwa hiyo hata hilo likawa mtego.

Nilipolipa na kuaga, fundi alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia maneno ambayo mwanawe hakupata kuyasikia: kwamba tangu saa kumi na mbili alikuwa hana mkono wa kushika spana, kwa maana juma lililopita shimo lilikuwa limefunika watu, na kila aliyepita barabarani alimdhania mleta habari. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya moyo wake. Hofu ilimjaa tangu jua kuchwa, na mtoto alipotokea mzima, hofu ikageuka ghadhabu palepale mlangoni, kama maziwa yachemkayo yakamwagika wakati ule ule mtu aliponyoosha mkono kuyaepua. Kijana aliona ghadhabu tu. Alikwenda kulala akiamini kwamba baba yake anamchukia, ilhali baba yake alikuwa ameshinda nusu ya jioni akimlilia moyoni.

Ningependa msomaji akae kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa naamini robo tatu ya ugomvi wa wazazi na vijana waliobaleghe hutokana nalo. Mtoto mdogo husoma uso wa mama yake kama mvuvi asomavyo mawingu. Mtoto wa miaka kumi na tano naye husoma, lakini husoma vibaya: akiona uso wenye wasiwasi hudhani una hasira, akiona uso uliochoka hudhani umemchoka yeye. Mwili wake umebadilika kwa ghafla, usingizi wake umesogea mpaka usiku wa manane, na ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo mshika hatamu za pupa na mpima wa matokeo, haikomai mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu. Mtu wa namna hii hawezi kuachiwa kazi ya kukisia mapenzi ya mzazi wake. Lazima aambiwe, kwa maneno, kwa sauti, na zaidi ya mara moja. Baba wa Kikula atajibu kwamba mapenzi hayasemwi, huonekana. Naam, yalionekana, zamani, siku ya posho, yakiwa ndani ya kikapu.

Sasa turudi kwenye tope. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha habari ya jaribio ambalo watu wa rika mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao na baadhi wakitazamwa na rafiki zao. Watu wazima hawakubadilika sana kwa kutazamwa. Lakini wale wa miaka 13 hadi 16, rafiki wakiwa nyuma yao, walithubutu hatari kupita kabisa kiasi walichothubutu walipokuwa faraghani. Anayeyajua machimbo ya wachimbaji wa mikono kati ya Likasi na Kambove atatabasamu kwa huzuni, akiona kwamba wataalamu walitumia kompyuta kuthibitisha jambo ambalo kila mama wa Kikula analijua bila kompyuta. Kijana hashuki shimoni kwa ajili ya njaa peke yake. Hushuka kwa sababu wenzake wanne wamesimama mdomoni mwa shimo wakimtazama, na mmoja wao amekwisha kusema neno. Kwa hiyo baba anayemkanya mwanawe kwa kumweleza hatari anazungumza na mtu asiyekuwapo. Hatari kijana anaijua, amemwona mwenzake akitolewa. Swali lenye faida ni lile la nani alikuwapo, na walisema nini, na yeye alijisikiaje waliposema.

Na fedha? Hapa ndipo mahali pagumu kuliko pote, na vitabu vya malezi vinavyoandikwa katika miji yenye shibe hupapita kwa kunyata. Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Watoto hao wana mama, na mama hao wana vyungu. Kijana anaweka noti juu ya meza. Mama anazitazama, anajua zilikotoka, na ndani hamna unga. Akizikataa, nyumba italala njaa. Akizichukua, amekwisha kutoa ruhusa ambayo kesho hataweza kuirudisha. Baba naye, akiona noti zile, huishiwa na ulimi, kwa kuwa katika nyumba aliyokulia mwenye posho ndiye mwenye neno, na leo mwenye posho ni mtoto. Wengi huchagua njia ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili: huzila fedha kimya, kisha humtukana mtoto kwa matendo yake mengine, kwa viatu vyake, kwa nywele zake, kwa simu, kwa muziki. Kijana hupata fundisho moja tu hapo, kwamba wakubwa ni wanafiki, na ni shida kumwambia amekosea.

Sitamhukumu mama anayezichukua. Lakini najua ya kuwa yapo maneno yanayoweza kusemwa juu ya meza ile, nami nimeyasikia kwa mama mmoja muuza makala, yaani makaa, ambaye alimwita mwanawe kwa jina la heshima alilomwitia siku zote, Papa, kwa kuwa mtoto alirithi jina la baba mzazi wa mama huyo. Alisema: “Papa, fedha hizi nitazila, kwa sababu wadogo zako hawajala. Lakini sizifurahii. Usidhani nimefurahi. Ninaona haya kwamba umenilisha wewe kabla sijamaliza kukulisha.” Kijana alilia. Hakuacha machimbo siku ile, ila tangu siku ile mama na mwana walikuwa na jambo la kuzungumza, na mwezi wa tisa shule zilipofunguliwa walikaa wote wawili wakahesabu pamoja gharama ya masomo na kiasi cha makala, na hesabu ikawa ya watu wawili. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, hata awe na noti mfukoni. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Mama yule muuza makala hajasoma hata moja ya hayo mawili, naye ametimiza yote mawili.

Asije mtu akadai kwamba mazungumzo ya namna hiyo ni adabu ya kigeni, iliyoletwa na televisheni. Katika Katanga hii hii, mwaka 1953, padri Mfransisko wa Ubelgiji jina lake Placide Tempels, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu mashuhuri juu ya falsafa ya Kibantu, alipelekwa Musonoi, kambi ya wachimba shaba huko Kolwezi, akaanza kukutana na wafanyakazi na wake zao. Kutokana na mikutano hiyo kikazaliwa chama kilichoitwa Jamaa, kikaenea katika miji ya migodi. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na nguzo zake zilikuwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walifundishwa kuambiana mawazo yao, hata yale mtu anayoyaona haya, hata ndoto. Na mtu mzima aliyetoka shimoni au kiwandani na vumbi usoni aliketi mbele ya mkewe akamweleza yaliyokuwa moyoni. Baadaye maaskofu walikitilia shaka, na matawi yake mengine yakapotoka, habari ambazo si za kitabu hiki. La kwetu ni moja: wanaume wa migodi, ambao hudhaniwa kuwa na midomo ya chuma, waliwahi kuzungumza hivyo, kwa lugha yao wenyewe. Kilichosahauliwa ni kuwatia watoto katika mazungumzo yale.

Kwa binti mambo yalikuwa na utaratibu wake. Kwa Wabemba palikuwa na chisungu, unyago ambao Audrey Richards, mtaalamu wa Kiingereza, aliushuhudia mwaka 1931, ng'ambo ya mpaka wa huku, na ambao uliongozwa na nacimbusa, mwanamke mtu mzima mwenye elimu ya mambo hayo. Pwani alikuwapo somo au kungwi. Hekima yao wote ilikuwa moja, kwamba mengine mama mzazi hawezi kumwambia bintiye kwa ulimi wake, basi apatikane mwanamke mwingine wa kuaminika ayaseme. Alipovunja utaratibu huo mzazi mwenyewe, palikuwa na sababu: Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa nasaha yapata mwaka 1858 akiwa mgonjwa wa ugonjwa uliomwua. Mama wa Kikula leo hana nacimbusa, na mauti, Mungu apishe mbali, hayajamfikia. Kwa hiyo husema, atajua mwenyewe, kama mimi nilivyojua. Mimi humwuliza kila mama anayeniambia hivyo: wewe ulijuaje? Naye hunyamaza, kwa sababu alijua vibaya.

Ushauri wangu kwake ni mdogo na ni wa jikoni. Sombe, yaani majani ya muhogo, huchumwa, huchambuliwa na kutwangwa, na kazi hiyo huchukua muda, na wanaochambua majani hukaa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye majani. Hapo ndipo pa kusemea. Kijana aliyebaleghe hawezi kusema akitazamwa usoni. Haya humziba koo. Lakini mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na mahali pa kwenda, maneno hutoka yenyewe. Mama na aanze kwa habari yake mwenyewe, ya siku ile alipoona damu akadhani anakufa, asiigeuze kuwa hotuba, na akifika mwisho anyamaze aendelee na majani. Binti akiuliza, ajibiwe alilouliza, lisizidi. Asipouliza, sombe italiwa, na kesho kutwa yatachumwa mengine. Na ikiwa mama haya imemshinda kabisa, amtafute shangazi au mama mdogo mwenye ulimi mwepesi na kifua cha kuweka siri, amwambie bintiye waziwazi: huyu umwulize chochote, nami sitamwuliza ulichouliza. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, mlango umefungwa kwa miaka.

Yapo pia maswali ambayo hayahusu mwili, na katika Likasi liko moja ambalo nyumba nyingi hulikwepa. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, wengine na baba zao walizaliwa hapa, walitolewa majumbani mwao kwa nguvu na majirani, wakarundikana kwenye kituo cha reli na mashuleni wakingoja treni, na wako waliokufa wakingoja. Palikuwa na ndoa za watu wa pande mbili. Palikuwa na rafiki, na waashi waliojenga pamoja, na waimbaji wa kwaya moja. Leo kijana husikia nusu ya habari hiyo mtaani, kwa matusi, kisha hurudi nyumbani akamtazama nkambo wake akijiuliza alisimama upande gani. Mzazi anayenyamaza anadhani anamkinga mwanawe na chuki. Kwa kweli anamkabidhi kwa yule wa mtaani aliye tayari kumsimulia kwa namna yake. Simulia uliyoyaona. Ikiwa ulifunga mlango wako wakati ule kwa woga, sema kwamba ulifunga mlango kwa woga. Kijana humheshimu mzazi aliyekiri jambo gumu zaidi ya yule asiyekuwa na kosa, na kama huamini, jikumbuke wewe ulipokuwa na umri wake.

Juu ya simu sina mengi. Wazazi wananiuliza sana habari zake kuliko habari nyingine zote, na mimi huona kwamba aghalabu simu ni mahali tu ambapo kijana amekwenda kutafuta msikilizaji aliyemkosa. Na mtoto aliyeshindwa mtihani wa Serikali, matokeo yakishatoka, asiambiwe kitu siku ile. Apikiwe, akae karibu na watu, na aulizwe kesho.

Niliporudi kwa fundi baiskeli, majuma matatu yalikuwa yamepita, na sikuwa na gurudumu la kuziba, nilikuwa na udadisi tu. Nilimkuta ameinama juu ya rimu iliyopinda, na mwanawe ameishika upande wa pili, akiizungusha polepole kadiri baba alivyokuwa akikaza waya. Hawakuwa wakitazamana. Fundi aliniambia baadaye yaliyotukia, nami nayaandika kama alivyoyasema. Walikuwa katika kazi hiyo hiyo siku chache nyuma, na yeye, bila kuinua kichwa, alisema: “Usiku ule niliogopa. Nilidhani shimo limekufunika.” Mtoto aliendelea kuzungusha rimu. Waya mbili zikakazwa, ya tatu ikakazwa, na fundi akaanza kujuta kwamba amesema. Ndipo kijana akajibu: “Na mimi huogopa, baba. Kila nikishuka.”

Nilimwuliza fundi kama kijana ameacha machimbo. Akasema juma lile hakwenda, juma lililofuata alikwenda. Lakini siku hizi, kabla hajatoka, husimama mlangoni akaaga, akataja mahali anapokwenda na jina la mtu anayekwenda naye.